Makapi ya boriti kwenye mashua ya barafu: jaribu kwanza, toboa baadaye

Katika msimu wangu wa pili kwenye barafu ya Ziwa St. Clair, jimboni Michigan, nilitoboa matundu manane ya kufungia makapi, yaani roda za kupitishia kamba, kwenye boriti mpya ya alumini ikiwa imelazwa juu ya meza gerejini, na siku ya kutweka tanga nikagundua kwamba sita kati ya hayo yalikuwa mahali pasipofaa. Boriti ninayoisema ni ule mti wa chini unaonyoosha tanga. Kwa mtu aliyekulia Lamu kama mimi ni kitu cha kujifunza upya, kwa kuwa tanga la jahazi huning'inia kwenye foromali, yaani mti wa juu, na demani, ile kamba ya kuvutia tanga, hufungwa kwenye pembe ya tanga lenyewe.

Mashua yangu, inayoteleza juu ya barafu kwa visu vya chuma, ni ya daraja la DN, yaani kundi la mashua zinazofuata vipimo vilevile, lililoanzia katika karakana ya gazeti la Detroit News katika majira ya baridi ya mwaka 1936 kuingia 1937. Mwili wake una urefu wa futi 12, mlingoti futi 16, ubao wa kukingama unaobeba visu viwili vya chuma futi 8, na tanga lina futi za mraba 60. Demani hupanda na kushuka kati ya makapi ya boriti na yale ya sitaha, na mvuto wake hukaza tanga na vilevile kupinda mlingoti na ubao, ndiyo maana chombo kidogo namna hii huweza kupita kilomita 80 kwa saa.

Kosa langu lilikuwa kupima boriti isiyo na mzigo. Mlingoti wa DN huzunguka na kupinda demani inapovutwa, na boriti huhama pamoja nao, kwa hiyo makapi yaliyotazamana vizuri mezani huja kupishana barafuni, kamba ikasugua shavu la kapi na mkono ukachoka bure. Tangu hapo sitoboi chochote kabla ya kuyafunga makapi kwa vitanzi vya kamba imara isiyonyumbuka, vinavyoizunguka boriti na kuzuiwa na utepe visiteleze. Nikishavuta demani hadi mwisho katika upepo wa kweli, natia alama mahali ambapo kila kapi la boriti linaelekea mwenzake wa sitaha bila kugongana naye. Wakati mwingine naviacha vitanzi hivyo msimu mzima, kwani kapi lililofungwa kwa kamba hujigeuza lenyewe kufuata mvuto.

Ukiamua kutoboa, toboa katikati ya ubavu, kwa sababu boriti inapopinda, mkazo mkubwa hubebwa na kuta za juu na chini. Tia bomba fupi ndani ili boliti isizibonyeze kuta, na utenganishe chuma cha pua na alumini kwa plastiki, maana maji ya theluji huchochea ulikaji pale metali hizo mbili zinapogusana. Makapi yasirundikane mahali pamoja: boriti imeshikwa na mlingoti mbele na pembe ya tanga nyuma, na mvuto wote ukiangukia katikati, huko ndiko itakakovunjika.

Kuhusu kanuni za daraja, nawasihi wenzangu msiige mashua ya jirani. Someni vipimo rasmi vya msimu huu pamoja na tafsiri zake, kisha mpelekeeni mpimaji wa daraja mchoro wenye vipimo mkiwa bado hamjashika keekee. Mimi humwandikia miezi miwili kabla ya barafu kushika, nikieleza unene wa boriti, idadi ya makapi na namna kila moja linavyofungwa, na jibu lake nalihifadhi ndani ya mfuko wa tanga, pamoja na vitanzi vya akiba.