Maswali ya Bima: Jedwali la vifo limebadilika, mbona ada yangu iko palepale?

SWALI: Nilikata bima ya maisha nchini Marekani mwaka 2012, na mkataba unataja jedwali la vifo (makadirio ya vifo kwa kila umri) la 2001 CSO, yaani Commissioners Standard Ordinary. Nasikia kuna jipya lenye vifo vichache. Je, sheria haiilazimishi kampuni inipunguzie ada?

JIBU: Hailazimishi. Jedwali hufuata tarehe mkataba ulipotolewa. La 2017 CSO ni la lazima kwa mikataba iliyotolewa kuanzia Januari 1, 2020. Wako unabaki na lile la 2001.

Kule bima husimamiwa na majimbo. Makamishna wao wa bima hukubaliana sheria za mfano kupitia chama chao, NAIC, kisha kila jimbo huzipitisha. Sheria hizo hazipangi ada. Jedwali huweka kiwango cha chini cha mambo mawili: akiba ambayo kampuni lazima iwe nayo, na fedha utakazorudishiwa ukivunja mkataba wenye thamani ya akiba.

Chukulia watu 1,000 wa rika moja, kila mmoja na bima ya dola 100,000. Jedwali likikadiria vifo 3 mwaka huu, madai ni dola 300,000, yaani dola 300 kwa kila mtu kabla ya riba na gharama. Umri ukisonga fungu hilo hupanda, lakini ada ya kudumu haipandi. Kinachozidi miaka ya mwanzo ndicho huwekwa akiba kufidia ya mwisho. Ili akiba hiyo isipungue, majedwali ya CSO huongezewa vifo kidogo juu ya vile halisi. Kwa pensheni za maisha tahadhari hugeuzwa: vifo hupunguzwa, kwa kuwa hatari hapo ni watu kuishi kuliko ilivyokadiriwa.

Wenye mikataba ya 1980 CSO wasome kipengele cha ukomo. Jedwali lile huishia miaka 100, na mikataba mingi hukoma hapo hata mwenyewe akiwa hai. La 2001 hufika 121.

SWALI: Mkataba wangu hukatwa gharama ya bima kila mwezi kutoka kwenye akaunti yake, na makato yamepanda. Nitajuaje kama yamevuka kikomo?

JIBU: Fungua ukurasa wa viwango vya juu vilivyohakikishwa, kwa kawaida hutokana na jedwali la CSO. Tafuta umri wako, jinsia na kundi la wavutaji au wasiovuta sigara. Toa salio la akaunti kwenye kiasi cha bima: kwa mfano, dola 250,000 toa 40,000 ni 210,000. Kiwango kikiwa dola 0.50 kwa kila 1,000 kwa mwezi, kikomo ni takriban dola 105.

Wengi hukosea kwa kuzidisha dola 250,000 zote. Hiyo ni sahihi pale tu ambapo warithi hulipwa kiasi cha bima pamoja na salio. Wengine husoma kiwango cha mwaka wakidhani ni cha mwezi. Umri nao una mitego: mikataba mingine huhesabu siku ya kuzaliwa iliyopita, mingine ile iliyo karibu zaidi.

Makato yakiwa chini ya kikomo, kupanda kwenyewe si kosa. Angalia kama mkataba unataka badiliko liwahusu wote wa kundi lako. Yakizidi, iandikie kampuni ikuoneshe hesabu ya mwezi huo. Isipokuridhisha, peleka malalamiko idara ya bima ya jimbo lako, ukiambatanisha ukurasa wa viwango na taarifa ya mwaka ya akaunti.