Maswali ya Wasomaji: Usanifu kwa Kompyuta na Kazi ya Mashine

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhandisi mitambo na kazi yangu ni kusanifu vipuri kwa kompyuta. Kampuni yetu inabadilisha programu ya usanifu, nami naona ujuzi nilioutafuta kwa jasho unapotea. Je, nijifunze programu nyingi zaidi, au nihamie upande wa kuandaa kazi za mashine za kuchonga chuma?

JIBU: Ndugu msomaji, ujuzi wako haupotei. Menyu hutofautiana kati ya programu na programu, lakini jiometria iliyo chini yake haitofautiani sana, na mtu anayejua anachokitafuta huzoea mazingira mapya kwa muda mfupi. Kabla leseni ya programu ya zamani haijaisha, hifadhi kazi zako katika faili zake za asili na pia katika muundo wa STEP, yaani kiwango cha ISO 10303 kinachosomwa na programu nyingi za usanifu, ukikumbuka kwamba kwa kawaida STEP hubeba umbo lakini haibebi hatua ulizopitia kulijenga.

Kinachohitaji miaka ni kufahamu chuma kitafanya nini kikikutana na kikataji, na huko ndiko ninakokusihi uelekeze nguvu zako. Kwenye skrini unaweza kuchora shimo la mstatili lenye pembe kali za ndani bila tabu yoyote, lakini kikataji ni cha mviringo na huzunguka, kwa hiyo kikiwa na kipenyo cha milimita 10 kitaacha pembe yenye nusukipenyo kisichopungua milimita 5. Mhandisi anayelifahamu hili huweka milimita 6, ili kikataji kipite kwenye kona kwa mwendo mlaini badala ya kukwama na kutetemeka hapo. Asiyelifahamu huilazimisha karakana kutumia kikataji chembamba, na shimo likiwa la kina kirefu tatizo hukua upesi mno, kwa sababu urefu wa kikataji kilichotokeza ukiongezeka mara mbili, kupinda kwake kwa nguvu ileile huongezeka mara nane. Vivyo hivyo, kudai usahihi wa milimita 0.01 mahali ambapo 0.1 ingetosha ni kuongeza muda na gharama bila kumfaidi yeyote.

Historia ya fani yenyewe inaonyesha kwamba pande hizi mbili hazikuzaliwa mbalimbali. Mashine ya kuchonga iliyoongozwa kwa namba, yaani kwa maagizo ya tarakimu badala ya mkono wa fundi, ilionyeshwa katika chuo cha MIT mwaka 1952, miaka kumi na zaidi kabla Ivan Sutherland hajaonyesha, mwaka 1963, jinsi ya kuchora moja kwa moja kwenye skrini ya kompyuta. Pierre Bézier, ambaye mikunjo yenye jina lake imo katika karibu kila programu unayoitumia, alikuwa mhandisi wa zana za uzalishaji katika kampuni ya Renault muda mrefu kabla ya kushughulikia hesabu za maumbo ya magari.

Kwa hiyo sikushauri uhame. Nakushauri uzimudu pande zote mbili. Omba kupewa kipuri kimoja ulichokisanifu mwenyewe, uandae njia za kikataji, uziigize kwenye kompyuta, kisha usimame karibu na fundi wa mashine kinapochongwa, na umwulize ni kipi angekibadilisha. Mafundi wengi huwa na majibu ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza, na hilo, kwa maoni yangu, ni hasara kubwa kwa kiwanda chochote.

SWALI: Je, uchapishaji wa pande tatu (3D), yaani kujenga kipuri tabaka kwa tabaka, hautaifanya elimu ya kuchonga chuma isiwe na maana?

JIBU: Hapana. Uchapishaji una masharti yake: kwa mfano, sehemu inayoning'inia kwa mlalo mkubwa, kwa kawaida kupita nyuzi 45 kutoka wima, huhitaji nguzo za muda za kuishikilia. Tena, vipuri vya chuma vilivyochapishwa mara nyingi hurudishwa kwenye mashine ya kuchonga ili matundu ya bolti na nyuso zinazokutana zipate vipimo sahihi, hivyo tangu unaposanifu ni lazima uache unene wa ziada mahali hapo na upange jinsi kipuri kitakavyobanwa mezani.