Jibu: Mawingu ya kusi yanayotoka meusi tupu

Ndugu wa Mikindani, umeuliza kwa nini mawingu ya kusi hutoka meusi tupu katika picha unazochapa kwa bamba la zinki lililochimbwa kwa kemikali. Anga yako inatoka doa moja kwa sababu bamba zima linakaa kwenye mrututu (salfeti ya shaba, chumvi ya buluu inayokula zinki) muda uleule.

Nyunyiza unga wa rozini (utomvu mkavu wa msonobari, ambao chembe zake hukinga bamba nukta kwa nukta), subiri vumbi litue (likielea karibu na moto hulipuka, vaa barakoa), kisha pasha bamba kwa chini hadi chembe ziwe angavu. Zikiwa kahawia, umeziunguza.

Mrututu gramu 50, chumvi 50, maji lita 1. Paka vanishi ya kukinga mgongoni mwa bamba na panapotakiwa kubaki peupe, zamisha sekunde 30, paka tena panapotakiwa kubaki hafifu, zamisha dakika 1 zaidi, paka tena, halafu 2. Anza na kipande cha majaribio. Vumbi jekundu la shaba linalotua kwenye bamba lipanguse kwa unyoya.

Ukungu wa mbali usiuchimbe kabisa. Hapo bakiza utando wa wino unapofuta bamba kabla ya kuchapa. Maji ya mrututu huua samaki, usiyamwage mikokoni.