Wenye nyumba ya Haas-Lilienthal
Umeuliza nani walimiliki nyumba ya Haas-Lilienthal, San Francisco, kabla haijawa makumbusho. Ni ukoo mmoja tu, ndugu yangu. William Haas, mhamiaji kutoka Bavaria aliyefanya biashara ya vyakula kwa jumla, aliijenga mwaka 1886 na kuishi humo na mkewe Bertha. Tetemeko la 1906 liliiacha imesimama, na moto uliofuata ukadhibitiwa barabara ya Van Ness, mtaa mmoja tu kutoka hapo. Na nyumba yenyewe ni ya mbao! Binti yao Alice, mke wa Samuel Lilienthal, aliishi humo hadi alipofariki 1972. Mwaka uliofuata familia ikaikabidhi kwa shirika la kuhifadhi majengo ya kale la jijini humo.