Mteja akiingia, macho yawe wapi?

SWALI: Assalaam alaykum. Nauza leso (kanga) Biashara Street. Tulifunzwa kumtazama mteja machoni, kutabasamu na kuiga anavyokaa. Vijana wenzangu hawana neno, lakini kina mama watu wazima naona wanageuza uso na kutoka. Nakosea wapi?
— Kijana wa dukani, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam. Ulilofunzwa si uongo, ila halikupimiwa mji wetu. Mama wa umri wa mamako akikodolewa macho na kijana, huona amevunjiwa heshima. Mtazame wakati wa salamu, basi. Kisha macho yashuke kwenye leso. Na hapo una bahati kuliko muuza simu: tandaza doti mezani, mtazame pamoja pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maandishi yake). Inua macho anapouliza au anapocheka.

Usisimame kati yake na mlango. Kaa upande, mabega yakiwa mshazari. Edward Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1966 kwamba watu wanaojuana huzungumza wakiachana sentimita 45 hadi 120, lakini aliwachunguza Wamarekani. Kwa mwanamke asiye maharimu wako (jamaa usiyeweza kumuoa), usipungue mita moja. Mkono usiutangulize, weka kiganja kifuani. Akikupa wake mwenyewe, hiyo ni hiari yake. Bidhaa na chenji mpe kwa mkono wa kulia.

Tabasamu la kupachikwa tangu mlangoni hadi malipo halimdanganyi mtu. Mfaransa Duchenne alionyesha mwaka 1862 kuwa furaha ya kweli hugusa pia misuli inayozunguka macho. Ndiyo maana hata mteja wa nikabu utamsoma: tazama pembe za macho zikikunjana.

Kuiga ndiko kunakoharibu zaidi. Ni kweli, watu wanaoelewana huigana bila kujijua. Ukikusudia, unachelewa au unazidisha: yeye anashika buibui, nawe papo hapo unashika kanzu, ataona unamkejeli. Fuata mwendo wake tu. Akisema polepole, punguza kasi. Kichwa nacho kitikise taratibu kuitikia. Ukikitikisa harakaharaka unamwambia amalize.

Simu iwe chini ya meza, skrini ikilala kifudifudi. Miguu yake ikishaelekea nje, usimfuate: kunja leso, taja bei ya mwisho mara moja, umwache aende.