Ukiwa na siku moja tu Vientiane, vuka Mekong uende Sala Keoku

Mkuu, umesema uko Vientiane kikazi na Jumamosi moja tu ndiyo yako, sasa hujui uishie Bustani ya Buddha hapohapo Laos au uvuke Mto Mekong uende Sala Keoku, Thailand. Nimezunguka zote mbili. Kama viza zako zinakuruhusu kutoka na kuingia tena, vuka.

Bustani hizo mbili za sanamu za zege ni za mtu mmoja, Bunleua Sulilat, mchongaji na mwalimu wa kiroho. Ile ya Laos aliianza mwaka 1958, kilomita 25 hivi nje ya mji. Wakomunisti waliposhika nchi mwaka 1975 akakimbilia ng'ambo, na mwaka 1978 akaanza upya, akijenga Sala Keoku karibu na Nong Khai, mji wa Thailand. Aliendelea kujenga huko hadi alipofariki mwaka 1996. Mafundi wake walikuwa wafuasi waliojitolea, na saruji ilitoka kwa michango.

Ya Laos inapendeza, sikatai. Zege limeingia weusi wa mvua hadi wageni hudhani ni magofu ya kale. Kuna Buddha aliyelala, na kuna boga kubwa la zege: unaingilia kinywa cha zimwi, unapanda ngazi nyembamba kutoka jehanamu hadi duniani, kisha mbinguni, unatokea juu kabisa na kuiona bustani yote. Ila sanamu zimebanana mno, na watu wengi wanapiga picha na kuondoka.

Sala Keoku ndiko mkono wake ulikokomaa. Buddha ameketi juu ya mikunjo ya joka, na vichwa saba vya joka hilo vimemkinga kwa juu. Linafika mita 25 hivi. Ukisimama chini yake unajiuliza watu wasiosomea ujenzi walilisimamishaje.

Sanamu niliyokaa nayo sana ni ya tembo anayepita katikati ya kundi la mbwa wanaobweka. Maana yake ni mtu mwadilifu asiyetetereka kwa masengenyo. Sisi tunasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nilielewa pale pale bila mtu kunifafanulia.

Usiondoke kabla ya Gurudumu la Maisha. Unainama, unapita kwenye kijia cha giza, unatokea ndani ya duara la sanamu za maisha ya binadamu tangu kuzaliwa hadi kufa. Wapo wapenzi wawili waliokaa pamoja, wote mifupa mitupu. Mwisho wa mzunguko kijana anauruka ukuta: mguu mmoja umeshatoka nje, na upande wa pili amesimama Buddha. Zunguka taratibu kwa mpangilio wake, ukirukaruka hadithi inapotea.

Ndani ya jumba kubwa vua viatu na ongea kwa sauti ya chini; mwili wa Bunleua umehifadhiwa ghorofani na watu wanakuja kumwomba. Funika mabega. Beba maji na kofia, kwa sababu zege lile linatema joto kuanzia saa nne.

Toka hotelini saa moja asubuhi uvuke Daraja la Urafiki kabla foleni ya uhamiaji haijawa ndefu, kisha chukua bajaji kutoka Nong Khai, ni kilomita chache tu. Patana na dereva bei ya kwenda na kurudi, akusubiri. Saa sita ikikukuta bado uko kwenye foleni upande wa Laos, geuza uende kwenye lile boga.