Kwanza mniambie hiyo LUKU alilipa nani

Wiki hii mmeuliza, ukigundua mpangaji mwenzako anapanda bangi chumbani kwake utamripoti au utakaa kimya? Nimelisoma nikiwa kwenye daladala ya Sakina nikapitiliza kituo changu, maana hili limenikuta. Jibu langu la haraka ni kwamba ningeripoti siku hiyohiyo. Ila ngojeni niwaeleze.

Hapa Chuga bangi sio kitu kigeni. Ukifika Dar ukisema unatoka Arusha lazima mtu akuulize kama umebeba "cha Arusha", na operesheni za Kisimiri kule Arumeru wote tumeziona kwenye taarifa ya habari, mashamba yanafyekwa na kuchomwa. Lakini hiyo ni ya shambani, inakua kwa jua la Mungu. Ya chumbani inakua kwa umeme, na sisi wa nyumba za kupanga tunajua umeme unavyovunja undugu.

Kwetu vyumba vilikuwa 6, mita moja ya LUKU, kila mtu anachangia na mimi ndo nakusanya hela. Mwaka jana kuanzia mwezi wa 4 umeme ukaanza kuisha kama maji kwenye pakacha. Ya 20,000 iliyokuwa inatupeleka wiki nzima sasa siku ya tatu giza. Macho yote yakaenda kwa mama mmoja mwenye friza, anauza barafu na juisi ya ubuyu. Tukakaa kikao uani tukaamua aongeze 15,000 kila mwezi peke yake, na mimi ndo niliyetumwa kumwambia. Akasema, "Mama Junior, friza hii ninayo mwaka wa tatu, mbona zamani haikula hivi?" Hatukumsikiliza. Alilipa miezi minne, na kila akilipa umeme unaisha vilevile, watu wakaanza kumwita mwizi, wakamnunia mpaka mtoto wake kule bombani, mwisho akahama.

Friza imeondoka, umeme bado unaisha.

Hapo ndo mwenye nyumba akaleta fundi. Tukaambiwa kila mtu azime kila kitu, hata chaja itoke ukutani, halafu tukasimama wote kwenye mita. Kile kitaa chekundu kinachopepesa umeme ukitumika kilikuwa kinapepesa haraka haraka kama vile nyumba nzima inapiga pasi. Mlango uliofungwa ulikuwa mmoja tu, wa chalii fulani mpole sana, shikamoo zake asubuhi na jioni. Kumbe mambo yote yalikuwa mbele ya macho yetu. Ukuta wangu na wake ulikuwa wa moto mwezi wa 7, wakati Arusha tunalala na mablanketi mawili, na mwanangu alipenda kulala ameuegemea. Na ile harufu tulidhani kicheche amefia darini, mwenye nyumba akapanda akashuka mikono mitupu.

Walifungua na funguo ya akiba, mjumbe akiwepo. Kitanda kimesimamishwa ukutani, kuta zimefunikwa foili, ndoo 8 zenye mimea ya kufika kiunoni, feni mbili, na taa ambazo ukiziangalia macho yanauma. Mmea ule ukiupa mwanga saa 18 kwa siku unaendelea kukua tu, ukitaka utoe maua unapunguza mpaka saa 12, ndo maana zile taa zilikuwa hazilali. Fundi akapiga hesabu palepale, taa za wati 600 kwa saa 18 ni karibu yuniti 11 kwa siku, mwezi unapita 320, na 10,000 inatoa yuniti kama 28 tu. Friza ya yule mama? Yuniti moja, ikizidi sana mbili kwa siku. Nilisikia miguu inaisha nguvu.

Chalii alirudi jioni akalia. Eti havuti, alikuwa anatafuta hela ya bodaboda, na alisoma kuwa Ujerumani tangu Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa kupanda nyumbani, na Afrika Kusini Mahakama ya Katiba iliruhusu 2018. Ni kweli, lakini Ujerumani ni mimea mitatu na ni ya kutumia mwenyewe sio ya kuuza, na hapa kwetu kwa sheria ya 2015 ukilima unaweza kwenda miaka 30, na mwenye nyumba anayeruhusu naye hasalimiki. Mimi nilitaka apelekwe. Asubuhi mama yake akafika kutoka Rombo, akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, miaka 30, akitoka atanikuta?" Sikuwa na jibu. Mimea ikang'olewa ikachomwa, chalii akahama.

Sasa naona jibu langu la pale juu limenigeuka. Kijana wa miaka 22, mara ya kwanza, nisingeripoti, ningemgongea mlango na mjumbe ubavuni. Ila akirudia, au akiwauzia wanafunzi, hapo sisubiri mtu. Na mwenye nyumba akiamua kuripoti simlaumu, nyumba ni yake na jela angeenda yeye.

Kinachoninyima usingizi ni yule mama. Miezi minne kwa 15,000 ni 60,000, hela ya barafu. Siku hizi kila chumba kina mita yake ndogo, nami nimeanza kuwapitia wapangaji wote wa wakati ule, mpaka jana imefika 25,000.